Shahidi Aliyenipa Mgongo

Mimi sikuiba maji ya mtu. Niliingia majini nikaogelea nikatoka, na maji yakabaki palepale. Nasema hivi kwa sababu mpaka leo hapa Mbeya kuna watu wakiniona sokoni wananong'onezana, "Ndiye yule aliyepelekwa kortini kwa kuoga." Kuoga! Kuoga naoga nyumbani kwenye beseni. Mimi niliogelea.

Nilizaliwa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kwetu mtoto anazoea maji kabla hajajua kusema vizuri. Mwaka hamsini na mbili nikaolewa na Jailos, fundi seremala, akanileta huku Mbeya kwenye baridi na vumbi, na maji yenyewe ni vijito vya kulowesha magoti. Miaka mitatu sikuogelea. Usicheke. Kuna watu wakikosa pombe wanaugua. Mimi niliugua kwa kukosa maji, nikawa mtu wa kununa bila sababu na kugombana na masufuria.

Chini ya mtaa wetu palikuwa na kijito. Tulichota pale, tulifua pale. Halafu wakubwa wa mji wakakiziba kwa ukuta wa mawe, maji yakajaa, yakawa bwawa kubwa la kupendeza. Wakapanda nyasi na maua pembeni, wakajenga kigati cha mbao cha kurukia, wakazungusha seng'enge, wakapaita Bustani. Mlangoni wakapigilia kibao: kuogelea ni kwa Wazungu tu. Sisi tukaambiwa tuchote kule chini ya ukuta, maji yanapotoka yakiwa na matope. Kila siku nilipita pale na debe kichwani, na kila siku nilikitukana kile kibao kimoyomoyo.

Mlinzi wa Bustani hiyo alikuwa baba mkwe wangu.

Hapo lazima nieleze, maana watu wa makabila mengine hawaelewi. Sisi Wanyakyusa, mke na baba wa mume wake hawaonani. Hawatazamani, hawaamkiani, hawali pamoja, na jina lake silitamki. Hata hapa sitalitamka. Akipita njiani, najibanza kichakani au nageukia ukuta mpaka apite. Naye vilevile, akijua nipo uani anasimama nje mpaka nijifiche. Tulikuwa tumeishi uwanja mmoja, huu mwaka wa nne, na uso wake sijauona. Nilijua hatua zake, nilijua mgongo wake na koti kuukuu la jeshi alilopewa kazini, basi. Mchungaji alishasema kanisani kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, na baba mkwe mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa, lakini kwa hilo alikuwa mgumu kweli.

Jirani yangu Severina alikuwa Mhehe wa Iringa, Mkatoliki, alisomea uuguzi Tosamaganga. Yeye jambo hili lilimchekesha mpaka machozi.

"Sasa nyumba ikiungua itakuwaje?" aliniuliza siku moja.

"Yeye atatokea mlangoni, mimi dirishani."

"Na mkikutana nje?"

"Tutageuziana migongo, tutazame moto mwingine."

"Haki ya Mungu, ninyi watu wa Tukuyu!" akasema, akashika mbavu.

Basi, ilikuwa mwezi wa kumi, jua kali, mvua bado. Saa sita mchana Wazungu wote walikuwa majumbani mwao wanakula na kulala. Nikapita Bustani na debe langu tupu. Lango liko wazi. Bwawani hakuna mtu. Nikamwona baba mkwe kwa mbali, kanipa mgongo, kasimama chini ya mkaratusi. Alikuwa amesikia debe langu likigonga, akageuka kama kawaida yake.

Hapo ndipo wazo likaniingia. Mlinzi huyu hawezi kunifukuza! Ili anifukuze lazima aniangalie, na kuniangalia hawezi. Nilitua debe. Niliogopa, siwezi kusema uongo. Nikavua kaniki yangu nikaiweka juu ya nyasi zao, nikabaki na shimizi, nikaingia.

Ee Mungu wangu, yale maji! Baridi ya Mbeya ilinishika kifuani nikataka kupiga kelele. Nikazama, nikafumbua macho chini, kote kijani, kimya. Nikaogelea mpaka katikati, nikalala chali nikitazama mlima Loleza, machozi yakanitoka. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na furaha, vyote pamoja. Nikajiambia, Tupokigwe, hapa hutoki mpaka ushibe.

Nikasikia sauti yake. Hakusema na mimi, hilo haliwezekani. Alisema na kile kibao cha mlangoni.

"Wewe kibao," alisema kwa sauti kubwa, mgongo kwangu, "umeandikwa nini? Si umeandikwa watu wasiingie majini? Sasa mbona kuna mtu majini na wewe umesimama tu?"

Kibao kikanyamaza. Mimi nikapiga mbizi.

"Kibao, mwambie huyo mtu atoke! Mwambie mimi nina kazi hapa, nina mkubwa wangu!"

Nilitoka nilipotaka kutoka. Nikavaa, nikabeba debe langu, nikapita nyuma yake nimeinama na kujifunika kichwa kwa heshima zote. Mkwe mwema kabisa.

Nilirudi kesho yake, na keshokutwa. Ikawa mazoea. Saa sita naingia, yeye anageukia barabara na kuanza kukigombeza kibao. Mwanzoni alikigombeza kwa ukali. Wiki ya pili akapunguza. Wiki ya tatu alikuwa anakiambia habari tu: "Kibao, leo memsabu wa nyumba ya matofali kasema atakuja saa nane kuogelea." Mimi nasikia, natoka kabla ya saa nane. Nilidhani mzee kachoka. Nilimwona kama mtu niliyemshinda, na nilijivuna. Severina alinikanya.

"Unamchezea mzee wa watu," alisema. "Siku wakikukamata, kazi yake imekwenda."

"Mwache amwambie mwanawe anikataze."

"Kwani hajamwambia?"

Hajamwambia. Jailos hakujua lolote. Alidhani nywele zangu zinalowa kwa kuchota maji. Nikafikiri baba mkwe anaona haya kulitaja. Sikufikiri zaidi ya hapo, na leo najuta kwamba sikufikiri.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa katikati ya bwawa, nimezama, masikio yamejaa maji, kwa hiyo motokaa sikuisikia. Yeye aliisikia. Memsabu alikuwa amekuja saa sita na nusu, bila taarifa, na mbwa wake. Baba mkwe akapiga kelele, "Kibao! Kibao! Gari!" lakini nani wa kumsikia chini ya maji? Basi mzee akafanya ambalo hakuwahi kufanya. Akaja mpaka kwenye kigati cha mbao ili aniite kwa karibu. Na alikuja kinyumenyume, macho kwenye miti, mgongo kwangu, buti kubwa miguuni, anarudi hatua moja, ya pili, ya tatu, anaita, "Mtu wa majini! Gari! Gari!"

Niliibuka wakati kigati kinamwishia.

Akaanguka kama gunia la mpunga. Koti la jeshi likanywa maji, buti zikamvuta chini. Yeye mtu wa milima ya Rungwe, maji aliyajua kwenye kikombe. Aliibuka mara moja, macho kayafumba vikali, akameza maji, akazama tena.

Sikukaa kufikiri mila. Ningekaa kufikiri angekufa. Nikapiga mbizi nikamshika ukosi, nikamvuta juu. Alipopata pumzi kitu cha kwanza alisema, "Niachie! Usiniguse!"

"Nyamaza, tata!" nikamfokea. Tata kwetu ni baba, na hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyowahi kumwambia baba wa mume wangu.

Akapigana na mimi. Alitaka kweli nimwachie, afe kuliko kushikwa na mke wa mwanawe aliyevaa shimizi. Nikampitisha mkono kwapani, kidevu chake nikakiinua, nikamvuta hivyohivyo akinipiga mateke mpaka miguu yake ikagusa matope. Nikamsukuma kwenye nyasi. Alilala kifudifudi, anatapika maji, macho bado kafumba. Memsabu alikuwa ng'ambo ya pili, anapiga kelele, mbwa anabweka. Nikaruka seng'enge kwa shimizi, nikakimbia. Kaniki na debe vikabaki.

Kabla ya jioni polisi walikuwa mlangoni kwangu. Mji mzima ulikuwa na mwanamke mmoja tu wa Matema anayejulikana kwa maji.

Walinilaza siku mbili mahabusu. Jailos akaja, kanyong'onyea, hajui aanze wapi.

"Umemshika baba," alisema.

"Nimemwokoa baba."

"Umemshika, Tupokigwe! Watu wa ukoo wamekuja kutoka Rungwe, wanataka kukurudisha kwenu. Mama analia. Baba hali, hasemi." Akajifuta uso. "Karani Saulo wa kortini ameniambia kesi ni nyepesi. Hakimu akikuuliza, sema nimekosa, sitarudia tena. Utaonywa, utatoka. Ukibisha, ni miezi mitatu jela."

"Nimekosa nini?"

"Sema tu! Maneno matatu hayatakuua."

"Nilikuwa nachota maji pale kabla hawajaleta huo ukuta wao. Wakayafungia, wakatuachia matope. Halafu mimi ndiye niseme nimekosa? Jailos, nitafungwa. Nenda kapike mwenyewe, chumvi iko kwenye kopo la bluu."

"Mke gani huyu," akasema, lakini hakuondoka. Alikaa chini nje ya dirisha la mahabusu mpaka askari walipomfukuza. Nilimpenda sana Jailos siku ile, ila sikumwambia.

Nisijifanye shujaa, niliogopa. Jela naijua, niliwaona wanawake wake wakivunja kokoto barabara ya kwenda Chimala. Usiku nililia. Lakini kila nilipojaribu kusema "nimekosa" hata peke yangu, mdomo ulikataa. Niliona kwamba nikilisema hilo neno mara moja, hata nikienda kwetu ziwani nitaingia majini kama mwizi.

Jumamosi korti ilijaa. Hakimu alikuwa Mzungu kijana mwenye masikio mekundu. Saulo akitafsiri. Hakimu akauliza, una kosa au huna?

"Sina kosa," nikasema.

Jailos akainamisha kichwa. Hakimu akaandika kwamba nimekana.

Memsabu akatoa ushahidi. Aliona mwanamke Mwafrika majini, akaona akimvuta mlinzi, akaona akikimbia. Ni huyu? Memsabu akanitazama, akanitazama tena. Alikuwa mkweli, simlaumu. Akasema alikuwa mbali, hawezi kuapa. Wakaonyesha kaniki yangu. Nusu ya wanawake mle ndani walikuwa wamevaa kaniki kama ileile, kutoka duka lilelile la Mhindi. Debe nalo lilikuwa debe. Ikabaki shahidi mmoja tu aliyekuwa karibu.

Baba mkwe aliingia kwa mlango wa pembeni. Nilisikia hatua zake nikajifunika uso kwa khanga na kugeukia ukuta, na yeye, nadhani, akageukia ukuta wa upande wake. Watu wakaguna. Hakimu akamuuliza Saulo kuna nini. Saulo akasema ni desturi, Bwana. Hakimu akaacha. Mzee akaapishwa kwa Biblia, mgongo kwangu.

"Ulianguka majini?"

"Nilianguka."

"Nani alikutoa?"

"Mtu anayejua maji."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Nilifumba macho, Bwana."

"Alikushika. Mkono wake ulikuwa wa mwanamke?"

"Mimi ni mzee wa kanisa," alisema baba mkwe. "Sina mazoea ya kupima mikono ya watu."

Watu wakacheka. Hakimu masikio yakazidi kuwa mekundu. Mimi chini ya khanga nilijua mchezo umekwisha. Mzee huyu hawezi kusema uongo baada ya kushika Biblia. Angeweza kuzunguka na kuzunguka, lakini akiulizwa moja kwa moja, ni mimi au si mimi, atasema. Na kwa nini asiseme? Nilikuwa nimemchezea mwezi mzima, nikamwangusha majini, nikamshika mbele ya Wazungu, nikamwaibisha kwa ukoo wake. Ningekuwa yeye ningenifunga mimi.

Hakimu akapiga meza. "Mwambie ageuke amtazame mshitakiwa. Aseme kama ndiye."

Saulo hakutafsiri. Alikuwa mtu wa Rungwe naye.

"Bwana," akasema, "huyo ni mke wa mwanawe. Hilo kwetu haliwezekani."

"Ageuke, au namfunga yeye kwa kudharau korti."

Saulo akatafsiri, kwa sauti ndogo. Mama mmoja nyuma akasema "Yesu wangu!" akatoka nje asishuhudie. Nikajikaza kwenye ukuta. Nikataka kupiga kelele, msimfanyie hivyo mzee wa watu, ni mimi, nifungeni! Kweli nilifungua mdomo. Lakini askari alishanishika bega, akanigeuza, akavuta ile khanga kichwani.

Baba mkwe alikuwa amegeuka.

Ndiyo mara ya kwanza nikauona uso wake macho yakiwa wazi. Macho madogo kama ya Jailos, na kovu jembamba juu ya nyusi. Nilitaka kutazama chini, kila kitu nilichofundishwa kilinivuta chini, lakini yeye hakutazama chini. Alinitazama. Alinitazama taratibu, kipaji, macho, pua, kidevu, mtu mzima kabisa anayefanya jambo alilokataa maisha yake yote, na jasho linamtoka. Niliona aibu. Na niliona hasira, si kwake yeye.

"Ni huyu uliyemwona majini?" akauliza Hakimu.

"Bwana," alisema baba mkwe, na hakuyaondoa macho, "nimeshika Biblia. Uso huu naapa ndiyo leo nauona."

"Si mke wa mwanao huyu?"

"Naambiwa ndiye."

"Hukai naye nyumba moja?"

"Uwanja mmoja. Mwaka wa nne sasa."

"Na hujawahi kumwona?"

"Sijawahi. Bwawani sikumwona, nyumbani sikumwona. Uliza Mnyakyusa yeyote aliyemo humu." Akavuta pumzi. "Leo nimemwona, kwa sababu umenilazimisha wewe."

Kelele iliyolipuka mle ndani sijawahi kuisikia tena. Wanawake walipiga vigelegele, askari wanapiga virungu chini, Severina anaruka nyuma kule na sare yake ya hospitali. Hakimu alimwita Saulo, wakanong'ona, akawauliza watu wawili watatu, wote wakaapa kwamba ndivyo ilivyo. Akafunga faili lake. Hakuna ushahidi. Nikaachiwa.

Kibarua cha mzee kiliota nyasi papo hapo. Pale pale kwenye ngazi za korti karani wa Bustani alimwambia avue koti la kazi, akavua, akalikunja vizuri akampa.

Nilikuwa nimesimama chini ya ngazi na Jailos. Watu wa ukoo kutoka Rungwe walikuwa pembeni, wamenuna, wanasubiri waone nitafanya nini. Baba mkwe akaanza kushuka. Nikatafuta pa kujibanza, nikaona nguzo, nikaelekea huko nimeinama.

"Simama," alisema.

Hakusema na ukuta. Hakusema na Jailos wala na kibao. Alisema na mimi. Mjomba wake Jailos akamaka, "Ndugu yangu, unafanya nini?" Mzee akamwinulia mkono anyamaze. Akaja akasimama mbele yangu, shati limemkaa vibaya bila lile koti, anatazama uso wangu kama mtu anayehakikisha kwamba hakukosea kule ndani.

"Kuanzia kesho mimi sipo pale," alisema. "Wataweka mtu mwingine, na huyo ana macho. Barabara utaitazama mwenyewe."

Nyuma yangu nikasikia Jailos akisema, "Baba!" Ukoo wote ulikuwa umesikia. Mimi nilimtazama usoni, kwa sababu alistahili kutazamwa.

"Nitaitazama, tata," nikamwambia.